Mtambo wa Sahani Tano na Sauti Zisizo Majina

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni niliyempokea mimi nyumbani kwangu, hapa Mji wa Kale, hakuwa mtu. Alikuwa mtambo wa kupigia sahani za CD, wa aina ile yenye sinia la mviringo linalobeba sahani tano kwa mara moja. Mpwa wangu aliupata katika mitumba iliyotoka Uingereza, akautua mlangoni pangu baada ya Alasiri, jasho likimtoka.

"Masalkheri, mjomba," akasema. "Nimekuletea taarabu ya Mombasa nzima. Keti usikilize, usisumbuke tena na kanda."

Najua msomaji kijana atacheka. Atauliza, huyu mzee ana nini na chombo kilichopitwa na wakati, hali simu ya mkononi inabeba nyimbo zisizo na idadi? Namwomba astahimili. Katika kisiwa hiki yapo makabati mengi yaliyojaa kanda na sahani, na wapo wazee wengi wasiopenda kusikiliza utenzi wala wimbo kwa kitu kinachotiwa mfukoni. Tena, lile nililojifunza kwa mtambo huu linaihusu simu vile vile, na pengine linaihusu zaidi.

Kwanza tukumbuke vyombo vilivyotangulia. Bibi Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kuimba katika santuri. Santuri zile zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, na upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika tatu au nne hivi. Wimbo ulioweza kukesha katika ukumbi ulilazimika kukatwa ukaenea ndani ya upande mmoja. Hata hivyo, gramafoni ilipotiwa ufunguo na sindano ikawekwa, watu wa pwani walimsikia mwimbaji wao bila ya kumwona, na hilo lilikuwa ajabu kubwa.

Zikaja santuri ndogo za mizunguko 45. Katika miaka ya 1960 na 1970 hapa hapa Mombasa palikuwa na santuri za chapa ya Mzuri, zilizobeba sauti za waimbaji wetu wenyewe. Kisha ikaja kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na ilipotufikia ndiyo iliyogeuza mambo. Mtu aliweza kuchukua kinasa sauti chake hadi harusini, akakiweka karibu na mwimbaji, na asubuhi yake mtaa mzima ukasikia yaliyoimbwa usiku. Duka la Mbwana Radio Service la Mji wa Kale lilijulikana pwani nzima kwa kanda za taarabu, na kanda hizo zilipanda majahazi na ndege zikawafuata ndugu zetu hadi Arabuni.

Sahani ya CD ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Oktoba 1982, kazi ya kampuni mbili, Philips na Sony. Upana wake ni sentimita 12, na hubeba muziki wa dakika 74, nyingine hata 80. Haina sindano inayoikwaruza. Mwale wa leza huisoma kwa chini, ukianzia katikati na kutoka nje, kinyume cha santuri iliyoanzia ukingoni. Sauti zetu nazo hazikuachwa nyuma. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa CD ya Zein Musical Party na nyingine ya Maulidi Musical Party, na mwaka 2005 Wafaransa wa Buda Musique wakatoa, katika mfululizo wao uitwao Zanzibara, sahani nzima ya taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975.

Basi turudi kwa mgeni wangu. Nitaeleza namna ya kumkaribisha, kwani mimi nilikosea, na kosa la mmoja huwa somo la wengi.

Jambo la kwanza ni umeme. Geuza mtambo usome nyuma yake. Umeme wetu ni volti 240, na mtambo wa Uingereza hauna taabu nao, hata plagi yake ya meno matatu yaingia katika soketi zetu. Lakini mtambo ulioletwa na ndugu kutoka Marekani ni wa volti 120. Huo ukiuchomeka hivi hivi utanuka moshi kabla hujasikia bismillahi ya mwimbaji. Mtafutie transfoma ya kupunguza nguvu. Na umeme ukikatika, kama ilivyo ada yake, chomoa plagi, usiirudishe mpaka umeme utulie, kwa sababu unaporudi huja kwa kishindo.

Jambo la pili ni parafujo za safari. Mitambo mingi ya namna hii ina parafujo moja au mbili chini ya tumbo, zinazoshikilia mashine ya ndani isiyumbe njiani. Zisipofunguliwa, sinia halizunguki. Zifungue kwa bisibisi, uzihifadhi, maana siku ya kuhama utazihitaji. Na siku hiyo ya kuhama, toa sahani zote kwanza.

Jambo la tatu ni mahali. Sisi wa kisiwani tuna adui asiyeonekana, nayo ni hewa ya chumvi. Huila misumari, huila mabawaba ya milango, seuze nyaya nyembamba za mtambo. Usiuweke dirishani panapovuma upepo wa pwani. Usiuweke juu ya amplifaya, kwani joto lake litauumiza, wala usiuweke juu ya spika, kwani mtikisiko utaufanya leza apoteze njia. Uweke juu ya meza iliyosimama sawa, uuachie nafasi ya kupumua, na usipoutumia uufunike kwa kitambaa.

Jambo la nne ni nyaya, na hapa ndipo nilipoumbuka. Mtambo una nyaya mbili za kupeleka sauti, nyekundu ya upande wa kulia na nyeupe ya upande wa kushoto. Nyuma ya amplifaya yangu kuu kuu mna matundu mengi, nami kwa haraka nikazichomeka katika tundu lililoandikwa PHONO, nikidhani ndilo la kila kitu kinachozunguka. Nilipobonyeza, ulitoka mlio kama mabati yanayobururwa barabarani. Mama watoto alitoka jikoni mbio, jirani akagonga ukuta. Kumbe tundu lile ni la gramafoni peke yake. Sauti ya sindano ni dhaifu mno, kwa hiyo tundu lile huikuza mara nyingi. Sauti ya CD ni yenye nguvu tangu mwanzo, na ukiikuza hivyo huwa ni kelele. Mahali pake ni katika tundu lililoandikwa CD au AUX.

Spika nazo zina adabu yao. Waya mwekundu uende kwa nyekundu na mweusi kwa mweusi, kwa spika zote mbili. Ukigeuza moja, ngoma na besi hufifia hata ukadhani mpigaji amelala. Zitenganishe spika, nawe ukae mbele yake kati na kati. Vyumba vyetu vya Mji wa Kale ni vyembamba, kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sauti hugonga huku ikarudi kule. Tandika busati, tundika pazia zito, weka mito. Utasikia tofauti.

Kuhusu sahani zenyewe, weka moja tu katika kila tundu la sinia, maandishi yakitazama juu. Iko mitambo mingine isiyokuwa na sinia bali ina kisanduku cha kusukumiwa ndani, chenye kuchukua sahani sita, na baadhi yake hutaka maandishi yatazame chini. Soma alama kabla ya kusukuma. Ukiipangusa sahani, tumia kitambaa laini cha pamba, uanze katikati utoke nje kwa mstari ulionyoka, usizungushe kama anayepangusa kombe. Wala usidhani upande wa maandishi ni mgongo wa kobe. Huo ndio dhaifu zaidi, kwani muziki umekaa karibu na maandishi kuliko upande ule unaong'aa. Na zile sahani zilizonakiliwa nyumbani ziepushe na jua, maana wino wake hufa kwa mwanga. Nyingine zimejazwa nyimbo mia kwa mtindo wa MP3, na mitambo ya zamani haizisomi. Usiulaumu mtambo kwa lugha ambayo haukufundishwa.

Hesabu sasa. Sahani tano za dakika 74 ni dakika 370, yaani saa sita na dakika kumi. Ukianza saa tatu za usiku, utafika saa tisa na ushei bila ya kunyanyuka. Lakini ukikaa kusikiliza hivyo, wakumbuke jirani. Kuta zetu zimeshikana. Adhana ikiadhiniwa, zima. Pakiwa na tanga mtaani, usiwashe. Pakiwa na mgonjwa, punguza. Haya hayakuandikwa katika kijitabu chochote cha mtambo, lakini kwetu ndiyo masharti ya mwanzo.

Nilipokwisha kuyatengeneza yote haya, nikazitia sahani tano za mpwa wangu. Juu ya kila moja paliandikwa kwa kalamu nyeusi: Taarabu 1, Taarabu 2, Taarabu 3, mpaka 5. Basi. Hapana jina la mwimbaji wala la mtunzi, hapana mwaka, hapana mahali. Nikamwuliza, "Ni nani hawa?" Akanijibu, "Wote hao ni wa zamani, mjomba." Kisha akabonyeza kitufe kilichoandikwa RANDOM, na mtambo ukaanza kuruka wenyewe: wimbo mmoja wa sahani ya pili, mmoja wa ya tano, mmoja wa ya kwanza, kama kuku anayedonoa uani.

Jioni moja alikuja kututembelea bibi mmoja wa mtaani petu, mtu mzima sana, aliyekuwa na mazoea ya kuja kunywa kahawa na mama watoto. Mtambo ulikuwa ukijirukia. Ikaingia sauti ya mwanamke, imenaswa harusini, maana vigelegele vilisikika nyuma yake na mtoto akilia. Yule bibi akaweka kikombe chini. Akasikiliza mpaka ubeti wa pili, akaanza kuyatamka maneno kabla ya mwimbaji hajayafikia.

"Mwanangu," akaniambia, "maneno hayo ni ya dada yangu. Aliyatunga yeye, mwenyewe hakuimba. Aliona haya."

Nikamwuliza aliyatunga kwa kisa gani. Akasema kisa ni kirefu, na kwamba wimbo huo ulijibiwa na wimbo mwingine, na huo mwingine nao ukajibiwa. Mara mtambo ukaruka ukaenda kwa wimbo mwengine kabisa. Tukacheka. Nikamwambia, "Bibi, nitakuja kwako na kalamu unipe habari yote." Akasema, "Njoo."

Sikwenda wiki ile, wala ya pili. Nilikuwa na kazi, kisha mvua ya masika, kisha hili na lile. Bibi yule alifariki kabla sijaenda. Mungu amrehemu. Sahani ninayo, sauti ninaisikia safi kuliko ilivyosikika usiku ule wa harusi, lakini jina la mtunzi sikuliuliza. Nilijua ni dada yake tu. Mimi niliye mtunzi, ninayekasirika shairi langu likichapishwa bila ya jina langu, ndiye niliyefanya hivyo.

Tulipokuwa wadogo chuoni, mwalimu wetu hakukubali neno lililoelea. Ukimwambia "imesemwa," alikuuliza, "Kasema nani, kasikia kwa nani?" Neno lilikuwa na mnyororo wake, mtu akimpokeza mtu, na mnyororo ukikatika thamani ya neno hupungua. Nyimbo zetu zilikuwa na mnyororo huo huo. Kila mwenyeji wa Kibokoni alijua ni nani aliyetunga, ni nani aliyetia sauti, ni nani aliyepigwa kijembe na akajibu vipi. Haikuwapo haja ya kuandika kwa sababu wenye kujua walikuwa wamekaa barazani. Leo baraza zimepungua watu. Profesa wa udi Zein l'Abdin alituacha mwaka 2016. Juma Bhalo alitangulia mwaka 2014. Na hao ndio wakubwa waliojulikana hata nje. Je, wale wa harusi za mitaani, na wale walioona haya?

Wala tusidhani kwamba wakubwa wamesalimika. Andika "Bhalo" juu ya sahani, umekusudia yupi? Yupo Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji, na yupo jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971. Mmoja alitunga, mwingine akaimba, na jina ni moja. Kijana wa miaka kumi na minane ataona neno hilo moja na atawafanya wawili kuwa mtu mmoja. Hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Kuna jambo jingine tunalolipoteza kwa kile kitufe cha kuruka. Nyimbo nyingi za taarabu ya Mombasa hazikuzaliwa pweke. Ziliulizana na kujibizana, fumbo kwa fumbo. Ukizivuruga, unamsikia mtu akijibu swali lisiloulizwa. Sisemi kitufe hicho kivunjwe. Cha kufaa ni kile cha pili yake kilichoandikwa PROGRAM, ambacho hukuruhusu kupanga: anza na huu wa sahani ya tatu, fuata na ule wa sahani ya kwanza, ndio jawabu lake. Kitufe hicho mpwa wangu hakuwahi kukigusa, kwa sababu ili upange ni lazima ujue. Mtambo una uwezo wa kuweka mazungumzo sawa, bali hauwezi kutuambia nani alianza.

Maoni yetu basi ni haya. Kila nyumba yenye sahani au kanda za sauti za wazee ifanye kazi tatu. Ya kwanza, kanda za harusi zinakiliwe sasa, maana utepe hushikamana na kuoza, na vinasa sauti vya kuzisomea vinazidi kuadimika. Asiwe na nakala moja, awe nazo mbili, na ziwe katika nyumba mbili. Ya pili, ndani ya kila kasha atie karatasi: mwimbaji, mtunzi, aliyepiga udi na aliyepiga ngoma, harusi ya mtaa gani, mwaka gani, na wimbo unajibu nini. Asiyejua aandike "sijui," ili atakayekuja ajue pa kuulizia. Asiandike juu ya sahani kwa kalamu yenye ncha kali. Ya tatu, asikilize pamoja na mtu mzima, kalamu ikiwa mkononi, siku hiyo hiyo.

Wenye kuyahifadhi mambo ya kale nao tuwakumbushe wajibu wao. Ngome ya Yesu iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, nasi tulifurahi. Mawe yale yana mlinzi, yana kibao kinachoeleza ni nani aliyeyajenga na mwaka gani. Hatua chache kutoka hapo, ndani ya makabati yetu, zimo sauti za waliokaa chini ya ngome hiyo, na hazina kibao wala mlinzi. Pangekuwako chumba kimoja cha kupokea nakala pamoja na karatasi zake, mwenye kanda akarudishiwa kanda yake na haki ya mtunzi ikaandikwa, tungekuwa tumefanya jambo. Lakini tusikae tukingojea chumba. Mtungi hujazwa kwa kata, na kata tunayo.

Mpwa wangu amekwisha kuanza. Ile Taarabu 4 sasa ina karatasi yenye majina saba, matano tuna hakika nayo, mawili yana alama ya kuuliza. Wimbo wa dada yake bibi yule tumeuandika hivi: "Mtunzi ni mwanamke wa Mji wa Kale, jina halikuulizwa." Ikiwa wewe msomaji unaujua wimbo wa harusini ambamo mtoto analia baada ya ubeti wa kwanza, tafadhali njoo unifutie aibu.

Sauti isiyo jina, ni mtoto wa njiani,
Hata ikipendwa sana, haijui ni ya nani,
Andikani waungwana, ni deni letu shingoni,
Ili wajao mjini, wawajue wa zamani.